Samaki si Kitu cha Kuchezea

Shangazi Matrona alianza kumwita Oxenia "Mama" tangu siku aliyozaliwa, na hapa kijijini kwetu hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama mzazi wa Matrona alikuwa amefariki majira ya baridi yaleyale, barafu haijapasuka mtoni. Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika ukoo akapewa jina la marehemu, Arnaucuaq, na jina halisafiri peke yake, linakuja na mwenyewe. Hilo la Oxenia ni la kanisani tu. Basi mwanamke mzima akawa anamwita kichanga Mama, anamshonea viatu vya ngozi ya sili, na samoni wa kwanza wa kiangazi akichemshwa, kichwa kinakwenda kwa mtoto. "Mwacheni Mama ale," alikuwa akisema, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Oxenia naye alijibu kama anavyostahili mama. "Nipe maji, mwanangu," anamwambia shangazi yake, meno bado hayajatimia, na wageni wanacheka mpaka chai inamwagika.

Utotoni aliitumia nafasi hiyo vibaya, na nani asingeitumia? Alivunja, alimwaga, alilala mpaka mchana, na shangazi hakumgombeza hata mara moja, maana mama yako humgombezi. Alichomfundisha alimfundisha kwa kumwomba. Mama, kisu kishike hivi. Mama, mgongo upasue kutoka huku. Hivyo ndivyo alivyojua kupasua samoni kwa kile kisu chetu cha wanawake chenye makali ya mviringo, kuwaanika vichanjani, kuwatia moshi, na kurudisha mifupa mtoni. Na juu ya yote hayo ikawa sheria moja. Samaki si kitu cha kuchezea. Anakuja mwenyewe kwa watu wanaomheshimu, ukimshika, umle. Ukimshika ukamwachia kwa mchezo, au ukimgombania na jirani yako, anasikia, na mwakani hapiti kwako.

Kizaazaa kilianza Oxenia akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Mwaka huo ofisi ya samaki ilifunga uvuvi wa samoni wakubwa mto mzima wa Kuskokwim, ati wamepungua. Wakaja ukumbini kutueleza. Oxenia akasimama.

"Hao mnaosema hawapo, mmewatafuta wapi?"

Kijana wa ofisi, Hollis jina lake, hakuzunguka. "Tumekisia, mama. Hatuna mtu wa kuwahesabu huku kwenye vijito. Mwaka ujao tunaweka uzio wa kuwahesabia Mto wa Mabata. Tunatafuta mtu wa kukaa pale."

"Kwa hiyo watoto wangu wanalala bila samaki kwa kukisia kwenu. Haya, niandikeni mimi."

Mwingine angetoa maneno yake akaenda kulala. Yeye alikwenda. Ndiyo maana nampenda huyu mwanamke.

Shangazi Matrona alipopata habari aliweka kikombe chini. "Mnawazibia njia, mnawachungulia, mnawahesabu. Wewe ulipokwenda kuzaa, kuna mtu alikaa mlangoni anakuhesabu?"

"Sitamgusa hata mmoja aliye hai, mwanangu. Nitafungua geti, nitatazama, basi. Nakuahidi."

"Haya, Oxenia," shangazi akasema.

Oxenia. Jina la kanisani, kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Oxenia alitoka mle ndani akakaa kwenye mtumbwi wake muda mrefu bila kuwasha injini. Tangu siku hiyo hakuitwa Mama, wala hakuitwa tena kwenye nyumba ya mvuke, tunakooga kwa mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto. Kwetu wanawake wakiwasha moto wa mvuke humwita mtu wao. Asiyeitwa anaona moshi unapanda nyuma ya nyumba, anajua. Na yeye, kwa heshima, akaanza kusema Shangazi.

Lakini ahadi aliishika. Uzio ulikuwa wa fito za chuma, umekata mto ng'ambo hadi ng'ambo, na geti moja katikati. Chini ya geti waliweka vibao vyeupe, na Oxenia alilala kifudifudi juu ya ubao, wavu wa mbu usoni, akiwatazama samoni wakipita juu ya weupe ule mmoja mmoja, wanapanda kwenda kutaga. Mvua inanyesha, yeye yupo. Dubu amekaa ng'ambo anamtazama, yeye yupo. Hollis alipotaka wakamatwe wachache wavishwe alama mgongoni, alikataa katakata.

"Hiyo kafanyieni kwingine. Hapa wanapita kama walivyokuja."

"Ofisi itanuna."

"Ofisi ikinuna, shangazi yangu hatajua. Nikiwashika, atajua."

Hollis alikuna kichwa, akaenda kuwavisha alama samaki wa mto mwingine. Mtu muungwana, tusimnyime haki yake.

Zaukar, mtoto wa kiume wa Matrona, ndiye aliyekuwa akimletea mafuta ya injini. Mtoto wa shangazi kwetu ni mtani wako, hana breki. "Karani wa samaki, hujambo? Leo umewauliza na majina ya baba zao?" Mwaka ambao samoni walikuja wachache mno, alikaa kando ya geti, akaacha mzaha kidogo. "Bibi," akamwambia, maana mama wa mama yake ni bibi yake, "si uongeze sifuri moja tu mwishoni? Nani atajua? Watufungulie tuvue."

"Nikiongeza sifuri, wanao mwakani watakula hiyo sifuri."

Zaukar akacheka, lakini aliondoka bila kuaga. Oxenia alipeleka hesabu kama alivyoiona, uvuvi ukafungwa, na kanisani watu waliacha nafasi pande zake zote mbili kwenye benchi. Mwaka uliofuata samoni walijaa, akapeleka hesabu kama alivyoiona, uvuvi ukafunguliwa kwa hesabu hiyohiyo. Hakuna aliyesema asante. Vichanja vya Shangazi Matrona vilikuwa vyekundu kwa minofu, na kichwa cha samoni wa kwanza hakikuja kwake.

Halafu kikaja kile kiangazi cha joto. Jua lilikaa wiki baada ya wiki bila tone la mvua, nyika ikashika moto huko juu, moshi ukatuingia mpaka vitandani. Oxenia alitumbukiza kipimajoto mtoni kila asubuhi, na kila asubuhi akakirudia, akidhani kimeharibika. Kundi la kwanza lilikuwa limeshapita. Kundi la pili lilisimama chini ya uzio, haliji. Geti alilifungua likakaa wazi mchana kutwa, hawaji. Kisha wakaanza kupita wakielea, matumbo juu, wakirudi na mkondo. Walikuwa majike wenye mayai tele, wasio na kidonda.

Kijijini hawakuhitaji kuambiwa. Uzio umewaua, samaki wamechezewa miaka yote hii, sasa wamekasirika. Zaukar akaja na kamba nene ya kuung'oa kwa mtumbwi, na mbele ya mtumbwi, kitambaa kichwani, amekaa mama yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale.

Oxenia aliwatazama wakija. Kupoteza kazi hakukumuuma. Kilichomtisha ni kwamba pengine shangazi alikuwa na haki tangu siku ile ya kikombe, kwamba yeye Oxenia, kwa mkono wake na kwa nia njema, ndiye aliyewamaliza samaki wa ukoo wake. Hakujua, na hilo la kutojua lilikuwa linamla.

"Kama ni uzio," akasema, "fito ya kwanza nitaing'oa mimi. Lakini kwanza twende Mto wa Mawe. Kule hakuna uzio, hakuna geti, hakuna mimi. Na wewe, Shangazi, uje na kisu chako. Wapasue wewe. Utakachosema wewe ndicho nitakachokubali."

Matrona alijisogeza kidogo tu pale mbele, akamwachia nafasi ya kukaa.

Mto wa Mawe waliukuta umenyamaza. Samoni walikuwa wamelala wamekufa kila mahali, kwenye mchanga, kwenye mizizi, majike kwa madume. Matrona alipiga magoti majini, akachukua jike la kwanza, akapasua. Mayai yalimwagika mekundu, mazima. Akatazama matamvua, akatazama moyo, akatafuta jeraha la wavu. Akachukua mwingine. Akachukua mwingine tena. Zaukar alikuwa amevua kofia, na utani wote umemwisha.

Mwishowe Matrona akainama kuosha kisu, na mkono ukabaki majini. Akauacha pale.

"Hapa," akasema, "marehemu mama alikuwa akinileta kunawa, vidole vinakufa ganzi. Nalia, ananicheka." Akachota maji kiganjani. "Haya ni maji ya kuogeshea mtoto. Wamepikwa, jamani. Wamepikwa na mimba zao."

Akalia pale pale, kwa sauti, kama tunavyomlilia mtu. Oxenia alilia naye. Walipotulia, wakawarudisha wale waliopasuliwa mtoni, mmoja mmoja, vichwa vikitazama juu walikokuwa wanakwenda.

Njiani kurudi Matrona aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Kabla ya joto, walipita wangapi kwako?"

"Si wengi. Ila walipita wazima, na huko juu kuna chemchemi za baridi. Naamini walifika."

"Basi hao ndio mbegu." Akafunga kitambaa vizuri. "Na kile kidude chako bado sikipendi."

"Najua."

Kamba ya Zaukar ilirudi kama ilivyokwenda. Kesho yake, kabla ofisi haijatoa tangazo lolote la kufunga uvuvi, kijiji kizima kilimwona Matrona akiutoa wavu wake mtoni na kuuning'iniza ukutani mwa banda la moshi, huku vichanja havijafika hata nusu. Mwenye macho haambiwi tazama. Wengine wakafuata, wakinung'unika, lakini wakafuata.

Oxenia alirudi kijijini Jumamosi kupumzika, nguo zinanuka moshi na tope. Akapita nyuma ya nyumba ya shangazi yake, macho chini, kama alivyozoea kupita miaka hii yote kila alipoona moshi wa mvuke. Matrona alikuwa mlangoni mwa ile nyumba ndogo, anapasua kuni, kampa mgongo.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mawe yameshika moto."

Oxenia alisimama.

"Nakuja, mwanangu," akasema, akaanza kuvua mabuti.