Gitaa Lililokataa Sponji

Mke wangu ni fundi makochi, na kwa kitambaa hadanganyiki. Siku alipoleta gitaa lake nyumbani alianza kukagua kasha. Akapitisha kidole kwenye mahameli ya ndani, akavuta uzi mmoja, akaguna. "Aliyeshona hapa ana mkono." Ndipo akalitoa gitaa lenyewe.

Kizuri chajiuza. Lilikuwa jipya, ila limeundwa kwa mtindo wa enzi za babu zetu: pana, tumbo tupu ndani, rangi ya asali inayokolea hadi weusi ukingoni, vitufe vya dhahabu, na matundu mawili marefu yaliyopinda usoni. Alikuwa amemshonea mwenye duka la ala za muziki makochi ya sebule nzima, akakataa malipo mengine yoyote ila gitaa hilo. Akaligonga mgongoni kama anayechagua tikiti, akacheka peke yake. Tangu hapo hulipangusa kila jioni. Mimi mumewe sijawahi kupanguswa hivyo, na nasema wazi, niliona wivu.

Bendi yetu ni ya familia. Kaka yangu mkubwa anaimba na kuongoza, mke wangu gitaa, mimi dramu, na binamu yetu besi. Mwezi huo hoteli moja ilikuwa inatafuta bendi ya kila Ijumaa, ikatuita kujaribiwa.

Mazoezini gitaa likatutia aibu. Tukiongeza sauti tu, lile tumbo linapokea mlio wa spika na kuanza kulia lenyewe, wuuuu, mpaka jirani akafunga madirisha.

"Shemeji, lijaze sponji," kaka akasema. "Si unalo gunia zima? Au rudi kwenye lile lako la zamani, la ubao mtupu lisilo na tumbo. Ukija na hili linalopiga mayowe, jukwaani hupandi."

Mke wangu alijaribu. Akapenyeza vipande kwenye matundu kwa koleo lake la kazini, akapiga. Sauti ikatoka fupi, imekufa, kama mtu anayeongea ndani ya mto. Machozi yalimlengalenga, kisha akavitoa vyote.

"Kazi ya sponji naijua mimi," akaniambia. "Nililipenda kwa sababu linapumua. Anayeogopa pumzi yake atafute mpigaji mwingine."

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nikaenda kukaza ngozi za dramu zangu.

Siku ya kujaribiwa, saa kumi alasiri, meneja wa hoteli alikaa meza ya mbele na kahawa yake. Mke wangu akachomeka waya, gitaa likalia. Hakushtuka. Akasogea hatua mbili, likalia. Akaipa spika mgongo, likapungua. Akazunguka jukwaa zima taratibu, anageuka na kusikiliza. Alipofika mbele kabisa, katikati, likatulia. Akagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka nene, tamu, ikajaa ukumbini. Meneja akaweka kikombe chini.

Ila hapo katikati alikuwa amebanana bega kwa bega na kaka, ambaye kwa miaka kumi na moja hajasimama pengine.

"Shemeji," mke wangu akamwambia kwa heshima zote, "naomba usogee."

Kaka akamtazama meneja, akanitazama mimi. Nikajifanya nakaza parafujo. Akainyanyua maikrofoni yake, akahamia pembeni.

Ijumaa hii tunatimiza mwaka wa pili pale hotelini, na kaka bado anaimbia pembeni.