Kaburi la Baba Lilivyoandikwa Punda

Haya, mliokaa na mliosimama, nyamazeni kidogo. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna taratibu, maana ninayotaka kusema ni ya shamba, na ya shamba hayasikilizwi na mtu anayetafuna.

Shamba letu lilikuwa huku kwetu Ugogo, upande wa Mvumi, wakati Mjerumani anatawala. Pale walikuwa wakikaa baba na mama zamani. Nyumba yao ya tembe ikaanguka, zizi likaoza, ardhi ikalewa mavi ya ng'ombe. Jamani, ardhi ile! Ukidondosha punje ya mtama asubuhi, jioni unatafuta ngazi. Mama alikuwa anapanda pale, na sisi tunakula pale. Kwingine kote mchanga na miiba, panya mwenyewe akipita anabeba chakula chake kutoka nyumbani.

Katikati ya lile zizi ndipo alipozikwa baba. Kwetu mwenye mji huzikwa zizini, karibu na ng'ombe wake, asije akawakosa.

Basi ikaja njaa, tukahamahama. Tuliporudi tukamkuta jirani mmoja, mtu wa ng'ombe wengi, amelima mpaka kwenye mawe ya kaburi. Anasema zizi lile lilikuwa la babu yake, na hayo mawe ni mawe tu. Wazee waliojua ukweli, njaa imewatawanya kama vifaranga walioona mwewe. Akabaki shahidi mmoja: mtani wetu, aliyemzika baba kwa mikono yake. Maana kwetu maiti huzikwa na watani wa ukoo. Na mtani akimtaja marehemu sharti amtukane. Mtani akikusifia baba yako, ujue kuna ugonjwa ukooni.

Tukaenda kwa akida, aliyewekwa na Mjerumani kuamua kesi za vijijini. Akida alikuwa mtu wa pwani, watani wake aliwaacha hukohuko. Kanzu nyeupe, inang'aa mpaka kunguru wanapofuka. Siku ile alikuwa na mashauri mengi, anataka kumaliza kabla jua halijawa kali. Shambani hakwenda. Wala mama hakuulizwa kitu. Akamwita mtani wetu.

"Wewe, pale kwenye mawe amezikwa nani?"

"Pale?" mtani akasema. "Nilizika punda, Bwana Akida. Punda mlafi! Mzito, mpaka leo mgongo haunyooki."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nikajipiga paja, nikamwambia, "Tena umemzika vibaya, mvivu we!" Mama naye kajifunika uso kwa nguo, anacheka na kulia. Tukajua ushahidi umetoka mzuri kabisa.

Akida hakucheka. Akachovya kalamu, akaandika. Halafu akasoma: "Shahidi wao mwenyewe anasema pale pamezikwa punda. Shamba ni la huyu jirani."

Nikasema, "Bwana Akida, huyu ni mtani wetu!"

"Nimesikia. Mtani wenu kasema punda."

"Ndiyo, lakini punda ni baba yangu!"

Watu wakacheka tena. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno, naweza kumwuzia kinyonga rangi. Siku ile maneno yote yalinikimbia. Kila nikieleza, najizika mwenyewe.

Wakatuambia tukate rufaa bomani Mpwapwa. Tukatembea, mimi, mama na mtani, mpaka kivuli changu kikachoka kikaomba tukipumzishe. Njiani mtani hakunitukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bwana Shauri, mwamuzi wa boma, Mjerumani mwenyewe, alikuwa na masharubu ambayo ungeweza kuanikia nguo. Kiswahili anakijua, ila anakitoa kama mtu anayevunja kuni. Askari kasimama pembeni na kiboko. Barua ya akida iko mezani.

"Hapa punda," akasema.

Mtani akapiga magoti. "Bwana, si punda. Ni mtu. Alikuwa mtu mwema sana, hakuninyima maziwa." Machozi yakamtoka. Mimi sijapata kuona mtani akimlilia baba yangu, nikatamani nimzibe mdomo.

"Kwa akida, punda. Hapa, mtu mwema," Bwana Shauri akasema. "Kesho, nini? Mtu wa maneno mawili mimi sisikilizi."

Nikamwambia kuna mama, aulizwe yeye, ndiye aliyekaa pale. Akageuza barua huku na huku. "Mama hayumo ndani ya barua. Aliyekwenda shamba kuangalia, hayumo. Barua hii haijashiba." Akafikiri. Mimi nikaanza kutabasamu, nikidhani atatusikiliza upya. Akasema, "Rudi. Chimba. Mifupa ya mtu, shamba lako. Mifupa ya punda, shamba la jirani. Hakuna kuchimba, pia la jirani."

Mnaona? Ushindi tumepewa, kisha umefukiwa chini ya baba. Kaburi kwetu halifukuliwi. Tusipofukua, tunakufa njaa. Tukarudi shambani.

Siku ya kuchimba wakaja wote: akida na wino wake, askari, jirani na wanawe. Jembe akapewa mtani, maana maiti wetu haguswi na mwingine. Akalinyanyua. Akalishusha. Akanitazama mimi. Nikatazama mtama wa jirani, ulikuwa umeshafika magotini. Nikamtazama mama. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, nilitakiwa kusema chimba au usichimbe, nikainama nikajifanya natoa mwiba mguuni.

Mama akaja taratibu, akaketi juu ya mawe, akanyoosha miguu.

"Mama, ondoka hapo," akida akasema. "Ni amri ya boma. Usipoondoka naandika sasa hivi kwamba shamba ni la jirani, na hakuna kwingine pa kwenda kulalamika."

"Andika!" mama akapayuka. "Huyu mzee wangu hapa chini akiamshwa hugomba siku tatu. Nyie mtajiendea zenu bomani, mimi ndiye nitakayebaki naye!"