Masanja Kulia, Kabula Kushoto

Nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nililia mpaka majirani wakaanza kumhurumia mama yangu waziwazi. Kwetu, vijijini Shinyanga, mtoto akilia namna ile hatazamwi tumbo tu. Anatafutiwa jina, kwa sababu huenda yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena. Bibi, mama yake baba, akapeleka kifaranga kwa mfumu, mganga wetu wa kutazama kuku, na mfumu akasema watu wawili wananigombania. Wakaniita Kabula, jina la dada yake baba aliyefariki akiwa msichana. Nikalia. Wakaniita Masanja, baba yake bibi, mchunga ng'ombe. Nikalia zaidi. Bibi, ambaye uvumilivu haukuwa kipaji chake, akayataja yote mawili kwa mkupuo, nami nikanyamaza, nikalala mpaka jua likawa kali.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, na mimi nimeamua kuamini.

Mkunga alikuwa ameshasema ni msichana, na mwili wangu haujawahi kumbishia. Lakini nilikua nimevaa bangili ya shaba mkono wa kulia, ya Masanja, na uzi wa shanga nyeupe mkono wa kushoto, wa Kabula. Bibi aliniita baba. Mama aliniita Kabula. Siku nyingine niliamka nikitaka jiko, nikashinda na wasichana tukikata viazi vya michembe, vya kuanika juani, na kusengenya watu. Siku nyingine nilifuata ng'ombe, na jioni nikala na wanaume shikome, kwenye moto wao wa uani ambapo wasichana hawakai. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walimpisha Masanja akae. Nami nilidhani watoto wote wameumbwa hivyo, na kwamba wengine wanaona uvivu tu kuhama.

Baba alikuwa mgodini Geita. Mgodi ulipofungwa, miaka ile ya sitini, alirudi na baiskeli, redio, na macho ya mtu aliyekaa sana na wageni. Wanaume wa shikome walimtania kwamba binti yake anakula nyama kuliko wao, je, atamwoa nani? Ulikuwa utani wa kawaida, lakini baba alikuwa ameusahau utani wa nyumbani. Tena alikuwa na jambo jingine moyoni ambalo sikulijua: alimpenda sana dada yake, na aliponiangalia alitaka amwone yeye peke yake.

Asubuhi moja alinishika mkono wa kulia, akaipanua ile bangili taratibu, akaitoa.

"Kabula anatosha," alisema.

Bibi alikuwa akipepeta mtama. Hakuinuka. "Masanja hakuwa mtu wa kukaa," alimwambia. "Ukimfukuza, atatoka na mtoto."

Baba alicheka, akaitia bangili mfuko wa shati.

Sijui nieleze vipi kilichofuata bila kuonekana nimetia chumvi. Mkono ulikuwa mwepesi mno. Nilienda jikoni, nikaona nimekaa mahali pa mtu. Nilienda shikome, baba akanitazama, nikarudi. Nikawa nakula nikitembea, bakuli mkononi, kati ya jiko na moto, na kuku wakinifuata. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mama alinipaka mafuta miguuni akidhani inawasha. Usiku nilijigeuza mpaka watoto niliolala nao wakanisukumia ukutani. Nilichoogopa, nakisema sasa kwa kuwa nimekipatia maneno, ni kwamba ningebaki nusu, na hiyo nusu watu wote wangeisifu.

Kisha, siku ya mnada, ng'ombe wa watu walipita kwenda Samuye, nami nikawafuata. Sikuwa nimepanga kutoroka. Miguu iliwafuata na mimi nikawa nyuma yake. Wachungaji walidhani mimi ni mtoto wa mmoja wao.

Baba alinikuta mchana, kwenye uzio wa mnada, nikiuzunguka. Alikuwa ameendesha baiskeli kwenye mchanga, shati limemgandia mgongoni. Nilijua nitachapwa. Nikasimama, lakini nyayo hazikutulia, zikawa zinakanyagakanyaga vumbi mahali palepale. Baba alizitazama muda mrefu. Halafu uso wake ukabadilika, akatoa bangili mfukoni. Alikuwa akitembea nayo siku zote hizo.

Kwetu, anayebeba jina la babu yako unamwita guku, yaani babu, hata kama amefika kiunoni pako. Baba alikuwa hajaniita hivyo tangu arudi. Aliniingizia bangili, akaibana kwa vidole viwili, na mbele ya wauza ng'ombe wote wale akainamisha kichwa.

"Shikamoo, guku."

Nikamwitikia marahaba.

Akagusa zile shanga za mkono wa pili. "Na wewe, dada," alisema, "twende nyumbani."

Nyayo zikatulia.

Leo ninaishi mjini, mtaa wa Kambarage, na kijana mmoja jirani ameniambia kwamba watu kama mimi, wasiojiona wanawake tu wala wanaume tu, wapo duniani kote na wana jina lao. Nilifurahi kusikia. Sijui kama ni marehemu walionigombania, au kama bibi alichoka tu kusikia kilio akasema la kwanza lililomjia. Nimeyawaza yote mawili, na bado natembea sana, bado usingizi wangu ni wa kuruka. Wako watu walionitaka nichague, na wengine walinipenda kweli. Kila mara niliishika hii shaba nikakumbuka kwamba mtu aliyenivua ndiye aliyenivalisha, na kwamba siku ile tulirudi kwa baiskeli moja, baba akikanyaga, na nyuma yake wamekaa babu yake na dada yake.