Mabati ya Gitaa la Ilwad

Watu wa Garissa wameulizana mengi kuhusu Ilwad, na mengi yake hayawahusu. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anakaaje kibandani akitengeneza redio za watu? Mbona aliachika na hakuolewa tena? Lakini lililomchosha kuliko yote ni swali la gitaa lake la besi: hayo mabati mawili juu yake yanaficha nini?

Hayafichi kitu. Gitaa alilirithi kwa abti Abdille, kaka wa mama yake, aliyezeekea kwenye bendi za hoteli huko Mombasa bila mke wala mbuzi. Lilikuja na kifuniko kimoja cha chuma juu ya daraja, pale nyuzi zinapofungiwa. Ndani yake mna sponji inayogusa nyuzi, ili noti ikipigwa itoe dum moja na kukoma, isizurure ukumbini. Kifuniko cha pili, cha pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, Abdille alikipoteza. Chuma hicho kikiungwa kwenye waya wa ardhi hupunguza ngurumo ya umeme. Ilwad alilijua hilo vizuri, kwa kuwa anakula kwa kuondoa ngurumo kwenye redio za wenzake.

Akampigia simu binamu yake Abdikarim, mwenye lori la ng'ombe, aliyekuwa Nairobi: niletee kifuniko cha pikapu, ya nyuzi nne. Sasa, kwa Kisomali uzi wa gitaa ni xarig, na kamba ya kufungia mzigo ni xarig vilevile. Abdikarim akarudi na turubai la gari la pikapu, zito, la kijani, lenye kamba nne, akiwa na furaha ya mtu aliyepata bei nzuri. Soko lilicheka wiki nzima. Ilwad alicheka siku moja, kisha akachukua kopo la maziwa ya unga, akalikata, akalikunja, akaliunga na waya na kulifunga kwa skrubu. Lilikuwa baya kwa macho na lilifanya kazi.

Hapo maneno yakazidi. Ndugu zake walisema hata gitaa lake linavaa shashi, kile kitambaa cha kichwa cha wanawake walioolewa, basi si alifunike lote sandukuni yaishe. Wapiga muziki wakasema alifunue, mabati ni mambo ya wazee. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya kufunika na kufunua, na hakuna aliyemuuliza mwenye gitaa.

Mama yake, Sadiyo, ndiye aliyelichukia kuliko wote. Sadiyo anajulikana hadi Ijara kwa buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake husema arusini, na aliamini kwamba gitaa hilo ndilo lililomla kaka yake. Mjukuu wake Iftin alipoolewa, bibi arusi mwenyewe aliomba shangazi yake Ilwad apige kwenye sherehe ya wanawake. Sadiyo akakubali kwa sharti.

"Likimeza neno langu moja tu, nashuka jukwaani," alimwambia Ilwad. "Na wewe utaliuza."

"Nitaliuza, hooyo," Ilwad alisema, na akajuta kabla hajafunga mdomo.

Kiongozi wa bendi iliyoalikwa alikuwa Roda, msichana wa Nairobi aliyekuja na kinanda chake tu na Kisomali cha kubahatisha. Mchana wa sherehe, ukumbini, alilitazama gitaa akakunja pua.

"Sister, toa hizo mabati. Hiyo ingine inakaa kopo ya maziwa."

"Ni kobo ya maziwa."

"Sasa besi italia aje? Inakatika tu. Watu wanataka kusikia besi kwa kifua."

"Watu wanataka kusikia mama yangu," alisema Ilwad, kwa Kiswahili chake kinachogeuza kila p kuwa b. "Wewe biga kinanda yako."

Akaenda kuswali alasiri. Aliporudi alikuta vifuniko viko mezani, skrubu zimewekwa kwenye kisahani cha tende, na Roda anapiga besi huku Sadiyo akijaribu maikrofoni. Noti ilitoka ikakataa kuondoka. Glasi za soda zilitetemeka. Sadiyo alifika katikati ya ubeti akanyamaza, akawauliza wanawake waliokuwa wakipanga viti amesema nini. Hakuna aliyejua.

Ilwad alichukua bisibisi. Alikuwa na hasira, na hofu pia, kwa sababu mama yake alikuwa akimtazama kama mtu aliyekwisha kupata mnunuzi. Alikirudisha kifuniko cha daraja, akabonyeza sponji ikae sawa, akarudisha na kopo lake.

"Hii si urembo," alimwambia Roda bila kuinua kichwa. "Inafanya sauti yangu iwe fubi, ndio ya mama ifike. Sbika ni yangu, waya ni yangu. Mabati inakaa."

Roda alizihesabu spika kwa macho, akaona ni kweli zote zimetoka kibandani kwa Ilwad, akarudi kwenye kinanda.

Ukumbi ulipojaa, umeme ulikatika na jenereta ikawashwa. Kinanda kikaanza kunguruma kidogo. Besi ilikaa kimya ikingoja kupigwa. Sadiyo akapanda jukwaani akataja ukoo wa bibi arusi, visima vya babu zake, ngamia waliotolewa mahari, na chini ya sauti yake Ilwad akapiga dum, dum, fupi, kila moja ikitoweka kabla ya neno linalofuata. Wanawake wa nyuma kabisa, walioketi karibu na mlango, walipiga vigelegele mahali panapostahili. Ilwad aliwasikia, akajua kwamba gitaa haliuzwi.

Sadiyo alimaliza. Akasimama mbele ya binti yake, pumzi zikimwenda mbio.

"Maneno yangu yamefika," alisema. "Lakini bado silipendi."

"Usilipende, hooyo," alisema Ilwad, akaanza kupiga tena bila kuombwa na mtu. Sadiyo alikuwa ameshuka ngazi ya kwanza. Akasonya, akageuka, akarudi kwenye maikrofoni.