Likizo ya Kunong'ona

Nikipita kando ya ukuta wenye nyaya za umeme na kuzisikia zikilia tik, tik, tik, mpaka leo meno yangu hukazana yenyewe. Huo ndio mlio ulioniamsha kila asubuhi likizo ile ya Agosti niliyokaa kwa Tata Njoki, dada mdogo wa mama, nikiwa darasa la nne. Mlio mwingine wa kusikiliza haukuwepo.

Kwetu ni Kiandutu, Thika. Tuliishi chumba kimoja cha mabati, na mabati hayatunzi siri. Jirani akikohoa, mama alimwambia pole bila kuinuka kitandani. Mimi nililala mguu wa kaka yangu ukiwa shingoni, nikidhani watu wote hulala hivyo. Kwa hiyo tata aliponialika kwake Nairobi, niliitangazia ploti nzima. Niliwaahidi wenzangu kwamba nitapanda lifti na kurudi na habari.

Nairobi yenyewe ilikuwa Ruiru, mji wa njiani kabla ya kufika jijini. Tulishuka kituo cha Kimbo, tukatembea, tukapita geti, nalo likafungwa nyuma yetu. Niliona nyumba zinazofanana kama mayai na ua wa michongoma uliokatwa sawasawa. Mtu hata mmoja sikumwona.

"Tata, watu walihama?" nikauliza.

"Shhh," akasema. "Huku hatupigi kelele."

Jamani, hiyo shhh nililishwa asubuhi, mchana na jioni. Nikifunga mlango, shhh. Nikicheka na televisheni, shhh. Hata nikipiga chafya, tata aliutazama kwanza ukuta wa jirani. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na nyumba ile kubwa ilikuwa yetu sisi wawili tu. Nilipewa chumba kizima peke yangu, kimepakwa rangi ya waridi, na kitanda kipana ambacho nililala pembeni kabisa kama mtu anayeogopa kuanguka mtoni. Chakula kilikuwa kizuri, sikatai. Jumapili tuliletewa nyama choma kutoka mikahawa ya Kamakis. Lakini nani anafurahia mbavu za mbuzi kwa kunong'ona?

Kila nilipouliza tutaenda mjini lini, alinijibu, "Tutaenda. Kwanza uzoee."

Nizoee nini? Kunyamaza?

Mchana mmoja uvumilivu ukaniisha. Nilisikia watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, upande wa pili wa ukuta. Nikapindua karai, nikapanda juu yake, nikaita kwa sauti ya Kiandutu: "Niaje! Hata mimi nataka kucheza!" Wakaitikia kwa mayowe. Wakanirushia mpira, nikaurudisha, wakaurusha tena, nao ukatua dirishani kwa jirani. Kioo hakikuvunjika, lakini jirani alitoka. Alikuja mlangoni kwetu na soja wa geti, akiwa ameukamata mpira kama ushahidi, akamwambia tata:

"Mama, huyu mtoto ametusumbua. Mwambie hapa si mtaa wa mabanda."

Nilijikunja nyuma ya tata nikingoja shhh yangu. Tata, mwanamke aliyenong'ona hata akisali, alipaaza sauti mpaka mapazia ya nyumba za mbele yakasogea.

"Huyu ni mtoto wangu! Acha apige kelele! Hii nyumba imenyamaza vya kutosha!"

Akamnyang'anya mpira, akafunga mlango kwa kishindo, akaenda jikoni kujipangusa uso kwa leso. Nilifurahi, nikajua sasa tumeelewana. Jioni kijiko changu kikagonga sahani, naye akasema, "Shhh." Nilitaka kulia.

Siku chache baadaye mama akaja, amebeba begi kubwa. Nilimrukia, nikamwaga malalamiko yote kwa pumzi moja. "Mami, nirudishe nyumbani! Huku ni kama kukaa ndani ya friji!"

Tata alikuwa amesimama nyuma yangu na trei ya chai. Aliiweka mezani polepole. Mama alimtazama.

"Mrudishe tu, dada," tata akasema. "Amekataa."

Mama akaliinua tena lile begi. Njiani nilishika mpini mmoja, nikinung'unika kwa nini kulikuwa na mzigo mzito hivyo. "Nyamaza, Wangari," mama akasema, na hakunitazama.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye binti yangu, nilipomwuliza mama kulikuwa na nini ndani ya begi. Akaniambia: magauni yangu yote, sare ya shule na kadi yangu ya kliniki. Tata hakujaliwa mtoto, nasi kwetu tulikuwa wengi. Walikuwa wamekubaliana, na shule ilikuwa imepatikana Ruiru. Mama alikuwa amekuja kuniacha.

Alisema wakati wa kwenda alilia njia nzima. Wakati wa kurudi hakuweza kunitazama kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha hiyo alijua ameitoa mikononi mwa dada yake.