Beseni la Mzee Obadiah

"Toka! Toka nje, Mama Cynthia! Umekosa haya kabisa?"

Hivyo ndivyo baba mkwe wangu, Mzee Obadiah Angwenyi, alivyonipokea asubuhi ile nilipoingia chumba chake cha kulala na beseni la maji ya moto. Nilikuwa nimeshaona. Shuka limelowa, godoro limelowa, naye amelalia ubavu mmoja kama gogo, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono na mguu wa kushoto.

"Tata, umelala kwenye mkojo tangu jana," nikamwambia. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii. "Haya yangu nimeiacha mlangoni, nitaichukua nikitoka."

"Afadhali nioze!"

"Unaoza tayari. Nasikia harufu."

Akavuta blanketi kwa ule mkono mmoja uliobaki, akajifunika mpaka kichwa. Akaanza kulia. Mimi nikaweka beseni chini nikatoka, maana mzee kama yule akilia hujui uangalie wapi.

Asiye wa kwetu atashangaa. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mke wa mwana hakanyagi chumba anacholala baba mkwe. Hawashikani mikono, hata salamu. Tangu Gibson anioe, chai ya mzee nilikuwa naiweka kwenye stuli, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Kumwona bila nguo? Hilo watu walikuwa hawalisemi hata kwa utani.

Na huyu hakuwa mtu wa kuogopa uchafu wa wenzake. Watu wa huku kwetu Marani watakuambia. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato kabla sijafika boma hili. Mgonjwa akizidiwa ng'ambo ya mto, Obadiah ndiye aliyefunga miti kwenye kitanda wambebe hadi barabarani. Maskini akifa, Obadiah alishika jembe kabla ya wenye marehemu. Marehemu mama mkwe, Drusilla, alipougua miguu, mzee alimpikia na kufua nguo zake mtoni wazi wazi. Wanaume wakamcheka: "Obadiah, utavaa leso lini?" Akawajibu, "Nikimaliza kufua, nitawaazima." Majani ya chai hayakuchumwa Jumamosi kwake, hata lori la kiwanda lije likipiga honi getini. Na Ijumaa jioni, jua likikaribia kuzama, alikuwa anazunguka jikoni akiuliza kama maharagwe yameiva, kana kwamba Sabato itaingia na fimbo.

Lakini jambo ambalo kila mtu analikumbuka ni la Abner.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu, wawili wawili. Unamwosha mwenzako, naye anakuosha. Abner alikuwa mlevi aliyeokoka, na miguu yake ilikuwa imeliwa na funza mpaka vidole vimejikunja. Siku hiyo kila mwanaume alipata mwenzake haraka haraka. Abner akabaki, ameficha miguu chini ya benchi. Mzee Obadiah akapiga magoti na beseni lake. Abner akakataa. Mzee akamvuta mguu akamwambia, "Ndugu, usiponipa, na mimi leo naenda nyumbani sijaoshwa." Akamwosha, kisha akatoa pini kwenye ukosi wa koti akaanza kumtoa funza, mmoja mmoja, huku mchungaji akisubiri na mkate.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekuwa ananiambia mimi afadhali aoze.

Na hakuishia hapo. Alinishtaki. Wazee wa kanisa wakaja wakaketi uwanjani, chini ya dirisha lake ili asikie. Aliyeongoza alikuwa Jethro Mose, rafiki yake tangu ujana.

"Mama Cynthia, ni kweli uliingia?"

"Niliingia."

"Ukamwona?"

"Nikamwona. Hata nyinyi mngemwona, kama mngekuja siku ya zamu yenu ya kumwosha."

Jethro akakohoa. "Kulikuwa na majani ya chai."

"Majani ya chai hayakojoi kitandani, Mzee Jethro."

Mmoja wao alicheka akajifanya anapenga kamasi. Nikawauliza, pombe ya mababu mliitupa, mbuzi wa kutakasa nyumba mkamkataa, mkasema ni mambo ya giza. Hii chinsoni mliibakiza kwa aya gani? Jethro akasema si kila kitu kiko kwenye aya, kingine ni heshima tu. Nikamjibu heshima haigeuzi mgonjwa.

Sauti ikatoka dirishani. "Mwacheni. Hana kosa. Lakini asirudi."

Kwa hiyo wanaume wakapanga zamu tena. Zikaenda vizuri kwa muda. Kisha mvua ikaanza, mto ukajaa, na zamu zikawa za maneno matupu. Mume wangu Gibson anaendesha lori la mizigo mpaka Malaba na kwingine, leo yuko, kesho hayuko. Dada yake Linet alikuja kutoka Kitale, akakaa siku chache, akalia sana, akarudi kwa watoto wake. Boma likabaki na mimi na mzee, na mlango katikati yetu.

Muuguzi wa zahanati alipokuja kumwangalia, alinivuta pembeni. "Ana kidonda mgongoni kama kifuniko cha birika. Asipooshwa na kugeuzwa kila siku, mtamzika kabla hamjavuna mahindi."

Nikaenda nikasimama mlangoni, nikaongea na ukuta.

"Tata, umesikia aliyosema muuguzi?"

"Nimesikia."

"Abner alikupa miguu yake."

"Abner hakuwa mke wa mwanangu."

"Hata Petro alikataa kuoshwa, akaambiwa basi hana shirika na Bwana."

"Petro hakuoshwa na mke wa mwanawe!"

Ningefanya nini? Nilicheka, nikaenda jikoni nikalia juu ya sufuria. Mtu anakufa kwa sababu ananiheshimu. Hilo sikujua nilipeleke wapi.

Sabato iliyofuata akaja mchungaji mpya, mtu wa Taita, kijana mwenye viatu safi kuliko barabara zetu. Kigusii hajui. Jethro alimleta. Mimi nikasimama kizingitini na uji, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mchungaji akapiga magoti, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni..."

Mzee akafumbua macho.

"Baba," akasema.

Mchungaji akafurahi. "Amina! Mwite, mzee wangu, mwite!"

"Baba," mzee akarudia, na yale mengine akayasema kwa Kigusii, polepole, kwa mdomo uliopinda. "Baba, niletee maji."

Nikamtazama Jethro. Jethro akatazama viatu vyake. Halafu akavaa kofia akiwa bado ndani ya nyumba, jambo ambalo hafanyi, akatoka nje.

"Anamwita Baba wa mbinguni," mchungaji akanieleza mimi, kama vile sikusikia.

"Mchungaji," nikamwambia, "kwetu baba ni mama."

"Mama?"

"Baba wa Kiswahili sisi tunamwita tata. Mama ndiye tunamwita baba. Huyu anamwita mama yake."

"Maskini! Mama yake yuko hai?"

"Alikufa hata sijazaliwa. Angalia macho yake yako wapi."

Yalikuwa kwangu. Hayakuwa yamepotea, msidhani. Kiharusi hakikumgusa akili. Wiki nzima mzee yule alikuwa amelala pale akitafuta njia ambayo haivunji kitu, akaipata kwenye neno moja. Mtu na mkwe wake wana chinsoni. Mtoto na mama yake wana chinsoni gani?

"Nenda ukae na Mzee Jethro, mchungaji," nikasema. "Kuna mtoto wa kuogeshwa hapa."

Nikaingia. Akafunga macho muda wote. Nilimwosha, nikamgeuza, nikasafisha kile kidonda ambacho hata sasa nikikumbuka sili nyama. Nilipomaliza kumvalisha akasema, macho bado yamefungwa:

"Kanisani ukioshwa, nawe unaosha. Nina deni lako."

"Deni gani, Tata?"

"Unaniita Tata nami nimekuita mama? Nani mkubwa hapa?"

Tukacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Kidonda kilipunguka lakini hakikupona. Nilijua hakitapona, na yeye alijua. Alikufa Jumatano moja tukiwa tumeshazoeana. Wakamzika Ijumaa mchana, wakikimbizana na jua kwa ajili ya Sabato, kama yeye na maharagwe yake. Wasifu uliosomwa ulikuwa mrefu, wa vyeo vyote vya kanisa, na walimtaja Abner. Kuhusu mwisho wake walisema tu "aliugua kwa uvumilivu." Jethro alinitupia jicho akalirudisha haraka. Watu wa kwetu wengine mpaka leo wananisema sokoni, kwamba mimi ndiye niliyeona uchi wa baba mkwe wangu. Waseme. Lakini na hili la deni walijue.

Ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana, ya mwisho aliyoiona. Wote walienda kanisani, mimi nikabaki naye, kwa hiyo sikuoshwa na mtu. Nilikuwa nimemkalisha uwanjani kwenye kiti, na mito pande zote asianguke.

"Baba," akaniita. "Leta beseni. Na jagi."

Nikaleta, nikidhani anataka kunawa. Akachukua jagi kwa ule mkono mzima.

"Chini kwenye miguu siwezi kufika. Toa mikono."

Mikono yangu ilikuwa na weusi wa majani ya chai, ule usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Nikachuchumaa nikaitoa juu ya beseni. Akamwaga. Jagi lilikuwa linatetemeka, nusu ya maji ikaenda kwenye nyasi na nyingine kwenye magoti yangu. Hakunigusa hata kidogo. Alimwaga mpaka jagi likaisha, akalitikisa aone kama kuna tone limebaki.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha, Tata. Huna deni."

Nikabeba beseni nikamwaga maji kwenye shina la mgomba, nikarudi kumgeuzia mto.