Fundi wa Viti Aliyesubiri Usukani Miaka Sita

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mama Sindano amelala chali juu ya turubai, kichwa na mabega vimezama chini ya gari dogo lenye rangi tatu tofauti, na mkononi ameshika kipande cha sabuni ya mche. Hafui wala haoshi. Anakikanda kwa vidole mpaka kinalainika, kisha anakishindilia kwenye ufa wa tangi la petroli.

"Petroli inakula mpira, inakula gundi, inakula mpaka rangi," anasema kutoka huko chini, wala hajaulizwa. "Sabuni haiwezi. Sabuni adui yake maji tu."

Hatua chache kutoka miguuni pake, magari mengine yanapita kwa kishindo, moja halina mlango, jingine limefungwa boneti kwa mnyororo wa mbwa. Kila likipita moja, vumbi linamwingia fundi machoni. Haliachi hata moja lipite bila kulitukana kidogo.

"Shemeji, umelala au unafanya kazi?" anauliza kinyozi, mdogo wa mumewe na mwenye gari, akiwa amechuchumaa pembeni.

"Njoo ulale wewe, mimi niende nikanyoe."

Ufa huo umetokana na jiwe lililorushwa na gari la mbele, wakati usukani ukiwa kwa mwalimu, dereva wa kwanza wa timu. Baada ya sabuni, Mama Sindano anakata kiraka cha reksini, ile ngozi ya bandia ya kushonea viti, anakibandika juu yake kwa gundi, na kujiviringisha kutoka uvunguni. Kisha anachukua chaki yake ya kupimia vitambaa na kuandika mbele ya usukani, kwa herufi kubwa: USIPITE DIMBWINI.

Dakika ishirini na tano zimepotea. Gari linanguruma, kinyozi anaingia, na mbio zinaendelea.

Mbio zenyewe si za matajiri. Hufanyika mara moja kwa mwaka ndani ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, kwenye njia ya udongo yenye urefu wa kilomita mbili na ushei. Huanza saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika saa kumi na mbili jioni. Gari halitakiwi kuwa limenunuliwa kwa zaidi ya bei ya baiskeli mbili mpya, na vipuri vipya haviruhusiwi. Kinachoharibika kitengenezwe hapo hapo, kwa kilichopo.

Sheria inayowaliza wengi ni ya mwisho. Gari lazima livuke mstari baada ya king'ora cha saa kumi na mbili, kwa nguvu ya injini yake lenyewe, na mstari hufungwa dakika kumi baadaye. Lisipovuka, hata kama limezunguka mara mia mbili, huandikwa kwamba halikumaliza. Mwaka jana yalianza magari thelathini na moja, yakamaliza kumi na manne.

Gari la kinyozi limeshiriki miaka sita. Halijamaliza hata mara moja.

Mama Sindano ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akishona viti vya magari katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, kilicho kati ya duka la matairi na saluni ya shemeji yake. Cherehani yake nzito imekaa karibu na dirisha. Ukutani zimening'inia sindano za kila namna, nyingine zimepinda kama mundu, za kushonea mahali ambapo mkono haufiki upande wa pili. Seti ya viti vya gari dogo humchukua siku tatu. Ya basi humchukua wiki mbili, na baada ya hapo, anasema, vidole haviwezi kufunga hata kifungo cha blauzi.

Aliingia kwenye mbio hizi kwa ajili ya kiti. Kinyozi alimwomba amshonee kiti cha dereva, akaenda uwanjani kukifunga, akakuta bomba la maji limepasuka na wanaume wanne wamelizunguka, kila mmoja akiwa na maoni yake. Akalizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akalishona kwa uzi wa nta. Gari likazunguka saa tatu zaidi kabla ya kufa kwa ugonjwa mwingine.

"Tangu siku hiyo nikaolewa mara ya pili," anasema. "Mume wa kwanza yule pale, wa pili ni hili bati."

Mume wa kwanza, dereva wa malori aliyestaafu, hukaa kwenye kiti cha kukunja pembeni mwa uzio, akihesabu mizunguko katika daftari la shule. Ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, miaka mingi iliyopita, kwa lori tupu. Leseni anayo. Lakini kwa miaka sita yote hajawahi kuendesha hata mzunguko mmoja wa mbio. Timu ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulisema fundi haondoki kwenye turubai.

"Sikuwa na ubaya," anajitetea mumewe. "Niliuliza tu, yeye akiwa ndani ya gari, likiharibika nani atalitengeneza? Mganga hajigangi."

Mama Sindano alilimeza hilo miaka sita. Mwaka huu likamkwama kooni. Wiki tatu kabla ya mbio, kinyozi alipoleta gari likaguliwe, alimkuta shemeji yake amekunja mikono. Mama Sindano alimwambia hagusi hata nati moja mpaka jina lake liandikwe kwenye orodha ya madereva. Na hakutaka saa yoyote tu. Alitaka saa ya mwisho, ile ya kuvuka mstari.

"Nimelitibu miaka sita, kila mwaka linakufia mikononi mwao," anasema. "Nikasema, safari hii kama litakufa, life na mimi. Na kama litafika, nilifikishe mimi."

Kinyozi alibembeleza, akatania, akaapa, mwishowe akaandika.

Kwa hiyo siku hiyo kila mtu kwenye timu alijua kinachosubiriwa. Kinyozi aliendesha mpaka saa nane, akilikwepa dimbwi la kona ya tatu kama alivyoagizwa, huku akilalamika kwamba kulizunguka kunampotezea muda. Mwalimu akachukua mpaka saa kumi na moja kasorobo. Waya wa pedali ya mafuta ulikatika, ukawekwa wa breki ya baiskeli. Bomba la moshi likaanguka, likafungwa kwa kopo la rangi na waya. Kiraka cha tangi hakikutoa hata tone.

Gari likaingia kwa mara ya mwisho. Mama Sindano akaenda nyuma ya banda kuvaa ovaroli safi na helmeti ya kuazima. Mpiga picha wa gazeti hili, aliyekuwa akimsubiri, aliomba tu asimame kando ya gari kabla ya kupanda.

Hapo ndipo kinyozi alipopata wazo. Gari lilikuwa limetapakaa tope kuanzia magurudumu mpaka kioo, na yeye ni mtu ambaye hawezi kumwacha mteja atoke na nywele shingoni. Akachota ndoo ya maji. Akamwagia nyuma, akamwagia ubavuni, na kwa moyo mweupe kabisa, akarusha ndoo ya tatu kwa chini.

Picha ilitoka nzuri. Saa kumi na moja kamili Mama Sindano akaondoka.

Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu. Wa pili akapata mkono. Wa tatu, mumewe alisimama kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo mgongo wake haupendi, akaandika muda na kuupigia mstari chini. Ulikuwa wa pili kwa wepesi kati ya mizunguko yote ya timu siku ile.

"Nilicheka peke yangu mle ndani," anasimulia. "Mtu mzima, nacheka. Nikasema, kumbe walikuwa wananinyima hii!"

Mzunguko wa saba alisikia harufu. Akadhani ni ya gari la mbele. Wa nane, msimamizi wa njia akamwonyesha bendera nyeusi, maana yake toka, na kumwelekezea kidole nyuma ya gari. Mstari mwembamba wa petroli ulikuwa ukimfuata udongoni.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Alitoka njiani mpaka walipokuwa wenzake, akazima injini, akavua helmeti, akalala chali kwenye udongo kwa ovaroli lile safi. Kiraka kilikuwa kimening'inia kwa pembe moja. Sabuni haikuwepo.

"Nani amemwaga maji huku?"

Mwalimu alitazama mawingu.

"Shemeji, ulikataza dimbwi," alisema kinyozi kwa sauti ndogo. "Ndoo hukuitaja."

"Ulikuwa unalipeleka kwenye harusi?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji wangu. Nifanye nini?"

"Lete kidole gumba."

Hivyo ndivyo mtu wa zimamoto, aliyesimama na mtungi wake tayari, alivyomshuhudia kinyozi amelala uvunguni, gumba lake limeziba ufa, petroli ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye hana ruhusa ya kujikuna. Kando yake, Mama Sindano alikausha tangi kwa vipande vya sponji ya viti, akakanda sabuni nyingine, kisha akamwamuru aondoe gumba. Sabuni ikaingia. Gundi, hata hivyo, ilikataa. Bati lilikuwa na unyevu, na kusubiri likauke hakukuwezekana.



Kisha akaomba mfuko wake. Akatoa mkanda mpana wa turubai, ule unaowekwa chini ya makalio ndani ya kiti, akauzungusha tangi zima juu ya kiraka kipya, akauvuta kwa meno na magoti, na kuushona ncha kwa ncha kwa sindano iliyopinda. Akashona kama anavyoshona kiti cha mteja, mishono midogo, yenye nafasi sawa. Kinyozi alimwambia aharakishe. Alimjibu kwamba haraka ndiyo iliyochota ndoo.

Mkaguzi wa mbio akainama, akapapasa chini ya tangi, akanusa vidole, akaitikia kwa kichwa. Saa kumi na moja na dakika hamsini gari likatoka.

Wakati huo Mama Sindano alikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba mishono ile inaweza kukatika kwenye shimo lolote. Akaendesha kana kwamba amebeba mgonjwa. Alilizunguka dimbwi kwa mbali kabisa, magurudumu ya kulia yakiwa kwenye majani. Wote waliobaki wakampita. Mmoja akampigia honi, mwingine akatoa mkono dirishani kumwonyesha ashuke asukume.

Akavuka mstari. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika moja.

Kwenye uzio, mwalimu alishika kichwa. King'ora hakijalia, kwa hiyo mzunguko ule haukuwa wa kumaliza. Kusimama njiani kumekatazwa. Ilibidi azunguke tena njia nzima kwa mishono ile ile, na mzunguko aliomaliza ulikuwa umemchukua dakika tisa. Alikuwa na kumi na moja. Akienda kasi, tangi. Akienda polepole, mstari unafungwa.

"Watu wanafikiri nilikuwa nasali," anasema. "Wapi! Nilikuwa nahesabu mishono. Ilikuwa arobaini na mbili. Nilijua kila mmoja nilivyouvuta, na nilijua miwili ambayo sikuivuta vizuri kwa sababu huyu mtu alikuwa ananipigia kelele."

King'ora kililia akiwa hajafika hata kona ya kwanza. Magari mengine yalivuka moja moja, yakazimwa. Njia ikawa yake peke yake. Kwenye kona ya tatu akalizunguka dimbwi kwa mbali vile vile, hakukata hata hatua moja, ingawa kinyozi alikuwa ameshaanza kukimbia kando ya uzio akipunga fulana hewani.

Alivuka saa kumi na mbili na dakika nane. Alikuwa wa kumi na sita kati ya magari kumi na sita yaliyomaliza.

Hakushuka mara moja. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, na waliofungua mlango walimkuta analia. Hakujificha wala hakutoa maelezo. Kinyozi aliomba msamaha mara tatu mfululizo, akaahidi kumnyoa mume wake bure mpaka mwisho wa mwaka. Mama Sindano alimjibu kwamba mume wake amebakiza nywele kumi na moja, kwa hiyo ahadi hiyo haina hasara.

Siku mbili baadaye, mwandishi alimkuta chumbani kwake akitoboa ukingo wa kiti cha basi. Gari la rangi tatu limeegeshwa nje, mkanda ungali tangini. Amekataza usikatwe mpaka yeye mwenyewe atakapouchunguza, aone ile mishono miwili ilivyostahimili.

Jina lake tayari limo kwenye orodha ya mwaka ujao. Safari hii hakuna aliyebishana, ila amebadilisha zamu.

"Saa ya mwisho nimewaachia wao," anasema akiuma uzi kwa meno. "Mimi naanza. Saa kumi na mbili asubuhi, breki zipo, tangi zima, njia haijachimbika. Nataka siku moja niendeshe gari, siyo viraka vyangu."

Mumewe, aliyekuja kumletea chakula, anamuuliza lile swali lake la miaka yote: likiharibika akiwa ndani, itakuwaje?

"Haliharibiki mikononi mwangu," anajibu, bila kuinua macho kwenye mshono. "Litaharibika kwao. Mimi nitakuwa nimeshashuka, nimelala chini, nawasubiri."